SOMO LA MOTOKAA ZILIZOKUFA, NA BIASHARA YA VIPURI VYAKE

Kila kiundwacho kina ajali yake, na motokaa ni katika viundwavyo. Walakini watu wengi huihesabu siku ya kuinunua motokaa, wasiihesabu siku ya kufa kwake. Mtu hukopa, hujinyima, na siku gari linapoingia uani huwaita ndugu zake wamwombee kheri. Lakini siku injini inapokufa hulisukuma nyuma ya nyumba, likakaa hapo miaka, kuku wakatagia ndani yake na watoto wakalifanya mahali pa michezo. Somo hili ni la siku hiyo ya pili: motokaa ikifa, ni nani arithiye viungo vyake, huuzwa vipi, na katika kuuza huko lipi ni halali na lipi ni haramu, lipi lina nafuu na lipi lina sumu.

FASLI YA KWANZA: ZITOKAKO MOTOKAA, NA ZIFIAPO

Goba ni kata iliyo juu ya vilima, upande wa magharibi ya kaskazini ya Dar es Salaam. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba, na katika hesabu ya serikali ilikuwa ya Kinondoni. Hivi sasa ni ya Manispaa ya Ubungo. Mji ulipokuwa ukitanuka, watu walipanda huko kutafuta viwanja, nyumba zikajengwa mabondeni na miinukoni, na barabara zikafunguka kwenda Mbezi, Makongo na Madale. Nchi ya miinuko haimsamehe mwenye gari: mwenye breki mbovu katika uwanda huenda akasalimika, lakini mwenye breki mbovu katika mteremko wa Goba amejiweka yeye na wenziwe katika khatari. Kwa sababu hiyo jambo la vipuri si jambo la fedha tu katika nchi kama ile, bali ni jambo la roho za watu.

Sehemu kubwa ya motokaa zipitazo huko zimetoka Japani, nazo zimekuja zikiwa zimekwisha kutumika. Si ajabu Wajapani kuziacha zikiwa bado na nguvu. Katika nchi yao gari jipya la kawaida la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari likipata umri, mwenyewe huona ni nafuu kuliuza kuliko kulipia ukaguzi na matengenezo. Tena Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama watu wa Tanzania, Kenya na Uganda, na usukani wao uko kulia. Ndiyo sababu gari lililostaafu Yokohama au Nagoya hupata kazi mpya Dar es Salaam.

Lakini kuna jambo hapa ambalo yafaa kila mwenye akili alitie moyoni. Mwaka 2002 Wajapani walitunga sheria ya kuzika motokaa zao, nayo ikaanza kufanya kazi Januari 2005. Kwa sheria hiyo, mwenye gari hulipa mapema fedha ya mazishi, na fedha hiyo huwekwa amana mpaka gari life. Siku hiyo ikifika, hutumika kwa mambo matatu yaliyo mazito kuliko mengine: kuitoa gesi ya kipoza hewa isiruke angani, kuiharibu kwa salama mifuko ya hewa yenye baruti, na kuyaangalia masalio yabakiayo baada ya gari kusagwa. Gari likisafirishwa kwenda nchi nyingine, mwenye kulitoa aweza kudai arudishiwe fedha ile. Basi na izingatiwe: gari lavuka bahari, fedha ya mazishi yake yabaki kwao. Gari hufika Goba likiwa hai, hutumika miaka mingi, kisha hufa, na aliyefiwa hana sanda wala mchimba kaburi.

FASLI YA PILI: VILIVYOMO NDANI YA MAITI YA MOTOKAA

Motokaa iliyokufa si takataka. Mafundi wa Dar es Salaam husema gari limechinjwa, na neno hilo ni la sawa, kwa kuwa kama ng'ombe achinjwavyo, kila kiungo chake kina mnunuzi.

Kwanza huondolewa vile viwezavyo kufanya kazi tena vilivyo: injini, giaboksi, stata, jenereta, rejeta, shokapu, milango, taa, bampa, vioo na saitimira. Hivi ndivyo vipuri, na vina bei kubwa kuliko vinginevyo, kwa maana mnunuzi hanunui chuma bali hununua kazi. Mtu wa Goba akivihitaji hutazama kwanza gereji iliyo karibu naye. Asipopata hushuka mjini, Ilala, Gerezani au Kariakoo, ambako maduka ya spea yamepangana.

Pili ni madini. Sehemu kubwa ya uzito wa gari ni chuma. Kisipokuwa na kazi nyingine hupimwa kwa kilo, hupelekwa katika viwanda vyenye tanuri, huyeyushwa na kufanywa nondo. Huenda basi nguzo ya nyumba mpya ikawa na chuma kilichokuwa mlango wa daladala. Shaba ya nyaya na alumini ya rejeta zina bei kupita chuma. Katika bomba la moshi kuna chombo ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kina matundu kama sega la nyuki. Humo mna kidogo cha madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo ni ya thamani kubwa. Ndiyo sababu masega huibiwa, na mwenye gari hajui mpaka asikie gari lake likinguruma kama trekta.

Tatu ni vile visivyo na kheri vikimwagwa: mafuta machafu ya injini, maji ya rejeta yenye dawa, tindikali ya betri na risasi iliyomo ndani yake, na gesi ya kipoza hewa. Khabari zake zitakuja mbele, inshallah.

FASLI YA TATU: NAMNA MBILI ZA KUUZA

Katika Marekani iko namna ya biashara ambayo yafaa kujulikana. Mwenye biashara huwa na uwanja mkubwa uliozungushiwa ua. Motokaa iliyokufa ikifika, kwanza humwagwa mafuta yake, hutolewa betri, na gesi yake huvutwa ikatiwa katika mtungi. Kisha hupangwa safu kwa safu, imeinuliwa juu ya vyuma ili mtu aweze kufika chini yake. Mnunuzi hulipa ada ndogo mlangoni, huingia na spana na bisibisi zake mwenyewe, hutafuta gari linalofanana na lake, hufungua kipuri kwa mkono wake, na kukipeleka kwa mtunza fedha. Bei imeandikwa ubaoni: mlango bei yake hii, jenereta bei yake hii, hapana dalali wala maneno mengi. Gari likikwisha kunyofolewa hushindiliwa likawa bapa, likapelekwa kuyeyushwa.

Namna ya Dar es Salaam ni nyingine. Kipuri kimekwisha kutolewa katika gari lake zamani, huenda hata kabla ya kupanda meli, nacho kimetundikwa ukutani au kimerundikwa chini. Mnunuzi hakuliona gari, hajui liligongwa au lilizama majini, wala hajui kipuri kimetembea masafa gani. Aghalabu hata yeye mwenyewe hayuko, bali amemtuma fundi.

Namna ya kwanza ina fadhila tatu: mnunuzi huliona asili ya kitu, bei hujulikana kwa wote, na sumu hutolewa kabla ya watu kuingia. Namna ya pili nayo ina fadhila yake: huwapa riziki watu wengi, na fundi wa Gerezani huweza kukirudishia uhai kipuri ambacho penginepo kingetupwa. Kwa hiyo wauza spea wa Dar es Salaam hawana haja ya kuiacha namna yao. Haja yao ni kuzipata zile fadhila tatu ndani ya namna waliyo nayo. Muuzaji aweza kuandika kwa chaki juu ya kila kipuri kimetoka gari gani; aweza kuandika bei; na aweza kuyamwaga mafuta katika pipa badala ya mtaroni. Mambo hayo hayataki rasilmali kubwa, yataka nia.

FASLI YA NNE: HUKUMU ZA KUUZA KITU KIKUUKUU

Kuuza kitu kikuukuu ni halali, wala hapana aibu ndani yake. Aibu ni kuificha aibu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka ile, vidole vyake vikapata maji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone, kisha akaonywa kwamba mwenye kughushi amejitenga na jamaa ya Waislamu. Nafaka ile ikilinganishwa na kipuri, kuloa kwake ni mfano wa ufa uliozibwa kwa gundi, wa jenereta iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa, na wa breki pedi iliyokwisha ikapigwa msasa ionekane mpya. Tena khatari ya breki ni kubwa kuliko ya nafaka: mwenye kununua nafaka iliyolowa atapata khasara ya pishi chache, mwenye kununua breki ya ghushi huenda asifike nyumbani.

Na haya ni masuala matatu ambayo watu huyauliza sana.

SUALA: Mtu amemtuma fundi kumnunulia kipuri. Muuzaji amesema bei ni shilingi 80,000. Fundi amerudi akasema 100,000, na zile 20,000 amezifanya cha juu yake. Je, ni halali?

JAWABU: Si halali. Fundi yule ni wakili, na wakili ni mwenye amana. Fedha aliyopewa si yake, na punguzo alipatalo ni la aliyemtuma. Kusema kwamba ni desturi ya mji hakubadili hukumu, kwa kuwa mwenye gari hakuridhia, na lau angalijua asingaliridhia. Akitaka ujira wa kwenda na kurudi na aseme dhahiri: "Bwana, kazi yangu ya kununua ni shilingi kadha." Akikubaliwa, basi ni haki yake na ni chumo safi. Hatukatazwi kupata, bali tumekatazwa kupata kwa uwongo.

SUALA: Muuzaji asema, "Nakuuzia kilivyo, sitaki maneno baadaye." Je, ameokoka na kila aibu?

JAWABU: Katika madhhabi ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba sharti kama hilo humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, wala halimwokoi kwa vitu vinginevyo. Basi kipuri kikidhihirika kuwa kilikuwa na aibu tangu kwa muuzaji, mnunuzi ana hiyari ya kukirudisha. Walakini imempasa akirudishe upesi mara aijuapo aibu. Akiendelea kukitumia hali anajua, hiyari yake imekwenda. Ama aibu ambayo mnunuzi alionyeshwa akairidhia, hana neno.

SUALA: Mtu aliibiwa saitimira za gari lake usiku. Asubuhi alikwenda dukani kununua nyingine, akazikuta zile zile zake, na alama aliyochora ingaliko. Je, azinunue?

JAWABU: Mali ni yake, wizi hauiondoi mali katika milki ya mwenyewe hata ikiuzwa mara kumi. Muuzaji akithibitishiwa imempasa kuirudisha, kisha yeye amfuate aliyemwuzia adai thamani yake. Lakini mwenye mali asichukue kwa ngumi. Na apeleke jambo kwa polisi na ushahidi wake. Na muuzaji anunuaye saitimira kwa kijana asiyemjua, saa za alfajiri, kwa robo ya bei yake, asiseme hakujua. Mwenye kujifanya kipofu huitwa kuulizwa kama mwenye kuona.

Madhara ya kufumba macho hayakomei kwa mtu mmoja. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo kubwa za umeme zilianguka katika Kenya na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani, na ikasemwa kwamba vyuma vyake vilikuwa vimefunguliwa na wezi. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu nchi nzima. Marufuku iliondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule kwa masharti mapya. Lakini katika miezi ile waliouza kwa halali walifunga milango pamoja na waliouza kwa haramu. Mwizi alikula kilo chache, na wafanya biashara wote wakalipa.

FASLI YA TANO: SUMU ILIYO UANI

Hapa ndipo penye jambo lililo zito kuliko yote, kwa sababu aliyedhulumiwa katika bei aweza kudai, lakini mtoto aliyetiwa sumu hajui hata kudai.

Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru akili yake, na akili iliyoharibika kwa risasi hairudi kwa dawa. Huingia kwa vumbi, kwa moshi wa kuyeyushia, kwa mikono na nguo za baba arudipo kazini. Waswahili wa Mombasa wamekwisha kulipa gharama ya somo hili. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, kikafanya kazi hapo kwa miaka mpaka kikafungwa mwaka 2014. Watu waliugua, na damu za watoto zilipopimwa zikaonekana zina risasi. Mama mmoja aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga amepatwa, akasimama na wenziwe wakashitaki. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Julai 2020 mahkama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahkama ya Juu ya Kenya ikaitilia nguvu hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha hiyo ni nyingi, lakini hapana hata shilingi moja katika hizo iwezayo kuirudisha akili ya mtoto mahali pake. Basi yeyote avunjaye betri uani kwake ili auze risasi kwa kilo, na ajue anauza nini pamoja nayo.

Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda yana ladha tamu, nayo ni sumu. Mbuzi huyanywa na mtoto aweza kuyalamba. Mafuta machafu yakimwagwa juu ya kilima hayakai kilimani. Mvua ya masika huyashusha mpaka bondeni, na bondeni ndiko viliko visima. Gesi ya kipoza hewa ikiachwa iruke haionekani wala hainuki, lakini aina itumikayo katika motokaa nyingi, kwa uzito ule ule, huitia dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko moshi wa ukaa.

Kisha iko mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi. Ndani ya usukani mna baruti ndogo ijazayo mfuko kwa kufumba na kufumbua gari ligongapo. Kampuni moja ya Kijapani, Takata, ilitengeneza vijaza-hewa ambavyo baruti yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, hata siku ya kulipuka hupasua chombo chake na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu zaidi ya 20 walikufa kwa sababu hiyo katika Marekani, mamilioni ya motokaa yakaitwa kurudishwa, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Na joto na unyevu ndiyo hali ya pwani hii. Kwa hiyo usukani wenye eabegi kuukuu si kipuri cha kununua wala cha kuuza, na fundi asiyefundishwa asiufungue.

Serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na kwa kanuni zilizofuata, mwenye kukusanya au kusafirisha chuma chakavu na betri kuukuu yampasa awe na kibali, na khabari zake huulizwa katika Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kibali si karatasi ya kumsumbua mtu. Ni ahadi kwa jirani zake.

FASLI YA SITA: YAMPASAYO MNUNUZI NA MWENYE GARI

Kwanza, mnunuzi aende na namba ya fremu ya gari lake. Katika motokaa za Kijapani huandikwa juu ya bamba ndani ya boneti, na herufi na namba zitanguliazo kabla ya kistari hueleza aina ya gari na injini yake. Motokaa mbili zaweza kuwa na jina moja na sura moja, na breki zake zisiingiliane.

Pili, asinunue kuukuu vitu vitatu: breki pedi, eabegi na mkanda wa usalama uliokuwa katika gari lililogongwa. Vitu hivi kazi yake ni kuokoa roho, na haijulikani kama nguvu zake zimekwisha kutumika.

Tatu, akinunua tairi asome ubavuni mwake tarakimu 4 za mwisho wa alama yake. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata ikiwa haikutembea, na meno marefu si dalili ya ujana.

Nne, atake hati yenye jina la duka, tarehe, bei na jina la kipuri. Hati humlinda yeye na humlinda muuzaji mwaminifu.

Tano, mwenye gari lililokufa asiliache uani. Na aliuze kwa mtu mwenye kibali, aiondoe betri nzima bila kuivunja, na akamalize khabari ya kadi yake katika Mamlaka ya Mapato, lisije jina lake likatumika juu ya gari jingine.

KHATIMA

Biashara ya motokaa zilizokufa ni biashara njema. Humpa masikini mlango wa gari kwa bei aiwezayo, huzuia israfu, na humpa kijana ufundi. Lakini hupita mikononi mwa watu watatu: muuzaji, fundi na mnunuzi, na kila mmoja hujua jambo ambalo mwenziwe halijui. Muuzaji ajua kipuri kilikotoka, fundi ajua kama kitadumu, mnunuzi ajua ni nani watakaopanda gari lile kesho. Kila mmoja akimwambia mwenziwe alijualo, soko limetengenea. Na mmoja akinyamaza kwa ajili ya shilingi 20,000, gari litateremka kilima cha Goba na watoto ndani yake, na breki itanena yale ambayo yeye aliyanyamazia.